Malalamiko rasmi chuoni: mwongozo kwa mwanafunzi wa uzamili na uzamivu

Barua ya kwanza niliyoandika kumlalamikia msimamizi wangu ilikuwa na kurasa nne. Ilijaa uchungu, neno "uonevu" lilijirudia kama kiitikio, na sikukosa kuchomeka methali. Tarehe haikuwamo hata moja. Niliipenyeza chini ya mlango wa Mkuu wa Idara jioni watu wameshaondoka, nikarudi bwenini nikijiona nimemaliza kazi. Mpaka leo sijajibiwa. Barua ya pili, miezi mitatu baadaye, ilikuwa ya ukurasa mmoja: tarehe sita, aya moja ya ombi, na muhuri wa masjala juu yake. Jibu lilitoka siku ya kumi na moja.

Haya ninayoandika yametokana na barua ile ya pili, na mafaili ya wenzangu niliyosaidia kuyapanga nilipokuwa mwakilishi wa wanafunzi wa shahada za juu. Nazungumzia zaidi vyuo vikuu vya Tanzania. Walioko Kenya na Uingereza nimewawekea neno karibu na mwisho.

Kwanza: ni malalamiko au ni rufaa?

Watu wengi hukwama hapa kabla hata hawajashika kalamu. Rufaa hupinga uamuzi uliokwisha kutolewa: matokeo ya mtihani, kufeli utetezi wa tasnifu, kufutiwa usajili, adhabu ya nidhamu. Malalamiko hugusa namna ulivyotendewa: msimamizi hasomi kazi, ada umelipa lakini kwenye mfumo unaonekana unadaiwa, umenyimwa huduma uliyostahili kwa ulemavu wako, mhadhiri kachapisha data zako bila jina lako. Kila kimoja kina mlango wake na muda wake, na muda wa rufaa kwa kawaida ni mfupi zaidi. Ukipeleka rufaa mlango wa malalamiko, utazungushwa wiki tatu, na ukirudi mlango wa rufaa utakuta umefungwa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawapendi kulisikia. Hukumu ya kitaaluma haipingwi kwa sababu tu haikukufurahisha. Mtahini akisema sura yako ya nadharia ni nyepesi, hakuna kamati itakayokaa kuisoma upya ili imwambie kakosea. Lakini kama kanuni zinataka tasnifu isomwe na watahini wawili ikasomwa na mmoja, au mtahini ana ugomvi unaojulikana na msimamizi wako, au ulitetea siku mbili baada ya kupewa taarifa wakati kanuni zinataka wiki mbili, hapo una hoja. Unapinga utaratibu, alama zenyewe unaziacha. Hata ukiamini kwa moyo wote kwamba alama hazikuwa za haki, tafuta ni hatua gani ya utaratibu ilirukwa, ujenge hoja yako hapo.

Kwa hiyo kazi ya siku ya kwanza ni kutafuta kitabu cha kanuni za shahada za uzamili za chuo chako. Siyo kile kijarida cha kukaribisha wanafunzi wapya, bali kanuni zenyewe zilizopitishwa na Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni. Mara nyingi zipo kwenye tovuti ya Kurugenzi ya Shahada za Uzamili, na zisipokuwepo mratibu wa shahada za juu wa idara yako anazo. Hakikisha unasoma toleo linalokuhusu, maana kanuni hubadilika na aliyesajiliwa mwaka mmoja huenda hafungwi na zilizopitishwa mwaka uliofuata. Andika pembeni namba za vifungu vitatu: muda wa msimamizi kurudisha kazi, utaratibu wa kubadilisha msimamizi, na siku za kukata rufaa.

Daftari kabla ya barua

Chukua daftari la kawaida, lile la shilingi elfu mbili. Kila tukio mstari mmoja, bila sifa wala matusi. Langu lilisomeka hivi:

*5 Februari – nimetuma sura ya tatu kwa baruapepe.*
*26 Februari – nimekumbusha kwa baruapepe. Kimya.*
*19 Machi – nimeenda ofisini. Katibu muhtasi kasema Profesa yuko Dodoma hadi Ijumaa.*
*16 Aprili – ujumbe wa WhatsApp. Tiki mbili za bluu. Hakujibu.*

Hizo tiki za bluu zilinitetea kuliko kurasa zangu nne za mwanzo. Mwenye kikao akisoma mistari kama hii haambiwi akasirike, anakasirika mwenyewe.

Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe na jina la aliyetuma, siyo kipande cha katikati ya mazungumzo. Hifadhi nakala nje ya baruapepe ya chuo, kwa sababu usajili ukisitishwa akaunti hiyo inaweza kufungwa, na ushahidi wako wote ukabaki ndani. Kumrekodi mtu sauti kwa siri sishauri. Inaweza kukugeuka, na wewe uliyekuja kulalamika ukajikuta unajitetea.

Ipo mbinu moja ambayo ningeijua mapema ningeokoa nusu mwaka. Kila mkitoka kuzungumza ana kwa ana, andika baruapepe fupi siku hiyohiyo: "Shikamoo Profesa. Nashukuru kwa nafasi ya leo. Nilivyoelewa, utanirudishia sura ya tatu kufikia tarehe 21 Mei, nami nitaanza sura ya nne. Kama nimekosea kuelewa, naomba unirekebishe." Ni adabu tupu, hakuna anayeweza kukasirika. Lakini ahadi ya mdomo imekwisha kuwa maandishi, na kunyamaza kwake ni kama kuitikia.

Na usiache kulipa ada wala kujisajili kwa sababu una malalamiko. Hili nalirudia kwa kila anayenipigia simu. Saa ya usajili haisimami kwa kuwa umeandika barua. Niliona mwenzetu wa uzamivu aliyekuwa na hoja safi kabisa, lakini kesi yake ilipofika kwenye kamati alikuwa ameshafutwa kwenye orodha kwa kutosajiliwa mihula miwili. Kikao kikageuka kuwa cha usajili wake, hoja yake haikuguswa. Kama huna uwezo wa kulipa au hali haikuruhusu kusoma, omba kuahirisha masomo kwa barua tofauti, upate jibu la maandishi.

Zungumza, kisha weka siku

Kamati yoyote itakuuliza: ulizungumza naye? Zungumza kweli, usiende kutimiza sharti. Omba miadi. Usimvamie kwenye korido akitoka darasani na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakisikiliza. Nakumbuka nilivyoanza: "Shikamoo Profesa. Nimekuja kuomba ushauri, maana muda wa usajili wangu unaniishia." Akaitikia, akaniambia nikae, akaniuliza nimefikia wapi. Alikuwa hajui kabisa kwamba sura ile iko kwake. Ilikuwa imezama kwenye baruapepe mia nne ambazo hajazifungua. Kwa wanafunzi wengi mambo huishia hapo, na huishia vizuri. Kwangu hayakuishia hapo kwa sababu ahadi ya siku ile nayo ilipita.

Ukiona uso kwa uso ni mgumu, mratibu wa shahada za juu wa idara ndiye mtu wa kati. Mwambie unaomba asaidie kabla hujaandika rasmi. Mpe siku kumi na nne. Zikipita, andika.

Barua yenyewe

Ofisi zetu zina lugha yake, na barua inayoifuata haiwekwi kando. Hii hapa, iliyopunguzwa:

*Mkurugenzi,*
*Kurugenzi ya Shahada za Uzamili.*

*K.K.: Mkuu wa Idara.*

*YAH: KUCHELEWA KWA MREJESHO WA TASNIFU NA OMBI LA KUBADILISHIWA MSIMAMIZI*

*Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.*

*2. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, mwaka wa pili, namba ya usajili … Tarehe 5 Februari niliwasilisha sura ya tatu kwa msimamizi wangu. Nilikumbusha tarehe 26 Februari, 19 Machi na 16 Aprili (Kiambatisho A). Tarehe 7 Mei tulikutana, tukakubaliana mrejesho utoke kufikia tarehe 21 Mei (Kiambatisho B). Hadi leo sijaupata.*

*3. Kifungu cha … cha Kanuni za Shahada za Uzamili kinataka mrejesho utolewe ndani ya siku …*

*4. Naomba nipangiwe msimamizi mwingine kabla ya kikao kijacho cha kamati, na muda niliopoteza uongezwe kwenye usajili wangu bila ada ya nyongeza.*

*5. Nipo tayari kuitwa kwa maelezo zaidi.*

Aya ya nne ndiyo inayobeba barua nzima. Malalamiko mengi niliyosoma yalieleza maumivu kwa ufasaha na hayakusema mwandishi anataka nini. Mkubwa akisoma anasikitika, anakunja barua, anaenda kula. Kabla hujaandika neno la kwanza jiulize: nikipewa nini nitasema basi? Kama jibu ni "nataka afukuzwe kazi", tafuta lingine, kwa sababu nidhamu ya mtumishi ni suala la mwajiri wake na wewe huna kura. Omba kitu ambacho ofisi unayoiandikia ina uwezo wa kukitoa.

Sasa hiyo K.K., yaani kwa kupitia. Ukiruka ngazi bila sababu barua itarudishwa ikapite inapotakiwa. Lakini itakuwaje kama Mkuu wa Idara ndiye msimamizi unayemlalamikia? Hapo mwandikie Rasi wa Ndaki au Amidi wa Shule Kuu, yaani mkuu wa ngazi iliyo juu ya idara, moja kwa moja, na useme kwa sentensi moja kwa nini hukupitia idarani. Hakuna atakayekulaumu.

Nakala zisizidi mbili. Nimeona barua yenye "Nakala: Waziri, Katibu Mkuu, Mkuu wa Mkoa, Vyombo vya Habari". Ofisi ikiona orodha hiyo haishughulikii tena tatizo lako, inajiandaa kwa vita. Barua isiyo na jina nayo haifiki mbali, kwa sababu hakuna wa kuitwa. Mkiwa kundi lenye tatizo moja, mfano darasa zima halijaingiziwa matokeo ya kozi, andikeni barua moja ya pamoja yenye majina na sahihi, lakini kila mmoja aambatishe ukurasa wa tarehe zake.

Halafu peleka masjala. Chapa nakala mbili. Karani abaki na moja, ya pili aigonge muhuri wa kupokelewa, aandike tarehe na aweke sahihi. Akikwambia "we acha tu, nitaigonga baadaye", msubiri, simama hapo hapo kwa upole. Ukurasa huo wenye muhuri wa zambarau uliopinda ndio ushahidi kwamba chuo kilijua, na tangu lini. Umetuma kwa baruapepe? Tuma, lakini masjala uende pia.

Ngazi na kalenda

Mpangilio wa kawaida ni idara, kisha ndaki au shule kuu, kisha Kurugenzi ya Shahada za Uzamili, kisha Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, na juu kabisa Seneti. Majina hutofautiana chuo hadi chuo. Masuala ya bweni, unyanyasaji na maisha ya chuoni huanzia kwa Mshauri wa Wanafunzi. Mambo ya ada yanaanzia kwa bursari, nenda na risiti ya benki na namba ya kumbukumbu ya malipo, nusu ya matatizo hayo huisha dirishani.

Wengi hawajui kwamba kamati hazikai kila wiki. Zina kalenda, na ajenda hufungwa siku kadhaa kabla ya kikao. Barua iliyofika siku moja baada ya ajenda kufungwa inaweza kulala mpaka muhula ujao bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Muulize katibu wa kamati, kwa heshima, kikao kijacho ni lini na makaratasi yanapokelewa mwisho lini. Makatibu hawa ndio wanaoiendesha taasisi. Wasalimie vizuri.

Baada ya siku kumi na nne bila jibu, andika barua ya kukumbushia ya mistari mitatu, ukitaja tarehe na kumbukumbu namba ya ile ya kwanza. Baada ya siku nyingine kumi na nne, panda ngazi.

Ukiitwa kwenye kikao

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho. Si lazima uitaje kwa sauti. Inatosha kuuliza kwa maandishi: nitajadiliwa kwa hoja zipi, nani wapo kwenye kamati, naweza kuona nyaraka zitakazotumika, naweza kuja na mtu? Hili ni muhimu maradufu ukituhumiwa wewe, kwa mfano wizi wa kitaaluma. Usikubali kujibu asilimia ya kufanana uliyotajiwa kwa mdomo. Omba ripoti nzima ya programu iliyokagua kazi yako, uone ni kurasa zipi, maana mara nyingi kinachofanana ni marejeleo na vichwa vya habari.

Kama mjumbe ana uhusiano na unayemlalamikia, sema kabla kikao hakijaanza. Ukisema baada ya kushindwa itaonekana kisingizio.

Ndani, zungumza dakika tano. Anza na ombi, kisha tarehe. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui. Mwishoni omba uamuzi wa maandishi wenye sababu, kwa kuwa bila sababu hutajua cha kukatia rufaa.

Yasiyopitia ngazi

Mhadhiri akitaka ngono ili akupe alama, asaini fomu au asome tasnifu, usianze na mratibu wala "kuzungumza naye kwanza". Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure, au nenda ofisi yao ya wilaya. Usifute ujumbe hata unaokutia aibu. Usipange mtego wako mwenyewe na marafiki, wenye kazi hiyo wapo. Dawati la jinsia la chuo linaweza kukusaidia kwa ushauri nasaha na kuhamishiwa msimamizi wakati uchunguzi ukiendelea. Vitisho na vipigo ni vya polisi.

Chuo kikishindwa

Ukimaliza ngazi za ndani, milango ya nje ipo, na wote watakuuliza swali moja: chuo kilisemaje? Ndiyo maana tunatunza majibu.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, husimamia ubora na kuona vyuo vinafuata taratibu. Haisahihishi mitihani. Iandikie pale chuo kinapokiuka kanuni zake au kinapokaa kimya. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya ukiukwaji wa haki na misingi ya utawala bora bila malipo, Bara na Zanzibar. Kama chuo ni cha umma na wamekataa kukupa nyaraka, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30.

Mahakama ni mwisho. Mapitio ya kimahakama, yaani kuiomba mahakama iuchunguze uamuzi wa chuo, hufunguliwa Mahakama Kuu, na maombi ya kibali yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Mahakama nayo hutazama kama utaratibu ulifuatwa. Hapa tafuta wakili mapema, na usiyemudu gharama uliza Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake.

Kenya, Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 na sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa chini yake zinakupa haki ya uamuzi wa haki na wa haraka, na ya kupewa sababu kwa maandishi. Lakini mahakama itakurudisha kama hukumaliza njia za ndani. Kabla ya mahakama kuna ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Kwa walioko Uingereza, yaani England na Wales, chuo kikimaliza hutoa barua ya kukamilisha taratibu, na kuanzia tarehe ya barua hiyo una miezi 12 kupeleka shauri Office of the Independent Adjudicator, chombo huru cha malalamiko ya wanafunzi, bila malipo. Usiposikia habari ya barua hiyo, iombe kwa jina lake: Completion of Procedures Letter.

Ukikubaliwa

Isome barua ya uamuzi polepole, mistari yote, kabla hujapiga simu nyumbani. Linganisha na aya ya nne ya barua yako: nini kimetolewa, kuanzia lini, na nani atatekeleza. Ukimwona msimamizi wa zamani, msalimie. Anaweza kuwa mjumbe kwenye utetezi wako, na hata asipokuwa, shikamoo haina gharama.

Barua yangu iliponifikia ilitaja jina la msimamizi mpya na tarehe ya kuanza naye. Kuhusu muda uliopotea na ada ya nyongeza haikusema neno. Kesho yake asubuhi nikarudi masjala na nakala mbili.